Kidonge cheusi, sumaku inayoelea na ugomvi wa karibu miaka 40

*Ndani ya kigae kilichookwa tanurini, usumaku na umeme vinakaa nyumba moja. Wanafizikia wangali wanabishana kama ni mahasimu au ni mtu na mkewe.*

Na Mwandishi Wetu

Mfugaji yeyote aliyewahi kumwita mtaalamu wa uhimilishaji anaujua ule mtungi. Mtaalamu anafika na pikipiki, anashusha mtungi wa alumini wenye shingo nyembamba, anafungua kifuniko, na moshi mweupe unafurika ukingoni na kuteremka chini badala ya kupanda juu. Ndani mna naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri za Selsiasi, inayohifadhi mbegu za madume. Vituo vya uhimilishaji vya Usa River, Arusha, na Kabete, Nairobi, vinaitumia siku zote.

Sasa mimina kikombe kimoja cha kimiminika hichohicho kwenye bakuli lenye kidonge cheusi, duara, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Kitachemka kwa fujo, kisha kitatulia. Shika sumaku ndogo kwa koleo la plastiki, uiweke juu ya kidonge.

Haitui. Inabaki hewani, milimita chache juu yake, na ukiigusa kwa ncha ya penseli inazunguka palepale kana kwamba imetiwa mafuta. Na kama kidonge kimetengenezwa vizuri, ukiinua sumaku kidonge nacho kinainuka. Kinaning'inia chini yake bila uzi, na lile pengo baina yao halipungui wala haliongezeki.

Nimeliona jambo hili kwa macho yangu na mpaka leo sijalizoea.

Kidonge hicho huitwa supakondakta ya joto la juu. Supakondakta ni maada inayopitisha umeme bila ukinzani hata chembe. Na hilo "joto la juu" lisikuchanganye: ni nyuzi 180 chini ya sifuri. Kwa watu waliozoea kushuka hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, ni kama kutoka Makete kwenda Dar es Salaam mwezi wa pili.

Mhariri aliponipa kazi hii aliuliza swali moja tu: kwa nini inaelea? Nilidhani aya mbili zitatosha. Kuelea kwenyewe kunaelezeka. Ila swali lililo nyuma yake, kwamba kigae cha namna hii kimewezaje kuwa supakondakta, halijapata jibu ambalo wanafizikia wote wanalikubali tangu mwaka 1986.

Zebaki ya Leiden

Tarehe 8 Aprili 1911, mjini Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes na wenzake walikuwa wakipima zebaki iliyopozwa kwa heliamu ya kimiminika. Walipofika nyuzi 269 chini ya sifuri, ukinzani wa zebaki ulitoweka. Ukinzani ndio unaoipa pasi moto wake, na ndio unaokula sehemu ya umeme njiani kati ya bwawa na taa ya sebuleni. Pale haukuwepo.

Mwaka 1933, mjini Berlin, Walther Meissner na Robert Ochsenfeld waligundua jambo la pili, na kwa maoni yangu ndilo zito zaidi. Supakondakta haitaki uga wa sumaku ndani ya mwili wake. Hata kama uga ulikuwa umeshaingia kabla ya kupozwa, inapopoa inautoa nje. Sumaku inapoisogelea, mikondo ya umeme inazuka kwenye uso wake na kutengeneza sumaku ya kuikabili. Katika waya wa kawaida mikondo hiyo ingekufa papo hapo. Hapa hakuna cha kuichosha, kwa hiyo inaendelea kusukuma.

Maelezo yalikuja mwaka 1957 kutoka kwa Wamarekani watatu: John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer. Elektroni kwa kawaida hukimbiana. Lakini fikiria kitanda cha kamba: mtu mzito akiketi, kamba zinabonyea, na anayelala jirani anateremkia upande wake. Elektroni ikipita kati ya atomu za metali huzivuta kidogo, na bonde linalobaki linaivuta elektroni nyingine. Zinakuwa jozi, na jozi zote hutembea kwa hatua moja kama gwaride. Gwaride hilo halikwami kwenye kokoto ndogo, na kutokwama huko ndiko kutokuwa na ukinzani.

Katika nadharia hiyo usumaku ni adui. Mwaka 1958 Bernd Matthias na wenzake wa maabara za Bell walionyesha kwamba ukitia kiasi kidogo tu cha atomu zenye usumaku ndani ya supakondakta, inakufa. Matthias alikuwa na wosia kwa vijana waliotafuta supakondakta mpya, na wosia huo bado unasimuliwa maabarani: kaeni mbali na oksijeni, kaeni mbali na usumaku, kaeni mbali na vihami.

Kidonge cheusi kina vyote vitatu.

Neno "huenda"

Georg Bednorz na Alex Müller walikuwa wakifanya kazi katika maabara ya IBM huko Rüschlikon, karibu na Zurich, Uswisi. Hawakuwa na kundi kubwa nyuma yao. Walikuwa wakichanganya oksaidi, aina ya vigae, wakati wenzao wengi wakishughulika na metali. Mwanzoni mwa 1986 mchanganyiko wao wa lanthani, bariamu, shaba na oksijeni ulianza kupoteza ukinzani ukiwa bado kwenye nyuzi 238 hivi chini ya sifuri. Hakuna supakondakta iliyokuwa imefika huko.

Kichwa cha makala yao kilianza kwa neno lenye maana ya "huenda". Ninaipenda tahadhari hiyo. Walikuwa wamepima ukinzani tu, hawajapima kama kigae kinautoa uga wa sumaku, na walijua kwamba bila kipimo hicho cha pili hakuna anayepaswa kuapa. Walipopata kipimo, neno "huenda" likaondoka. Mwaka uliofuata, 1987, walipewa Tuzo ya Nobel.

Kabla ya tuzo hiyo, mambo yalikuwa yameshakwenda mbio. Mwanzoni mwa 1987 Maw-Kuen Wu wa Huntsville, Alabama, na Paul Chu wa Houston, Texas, walitoa lanthani na kuweka itriamu. Wakapata nyuzi 180 chini ya sifuri. Heliamu ghali haikuhitajika tena, naitrojeni ikatosha. Kigae chao cha kwanza kilikuwa mchanganyiko wa rangi mbili, kijani na nyeusi, na ilibidi wachambue ili kujua kwamba siri iko kwenye ile nyeusi.

Usiku wa Machi 18, 1987, wanafizikia walijaza ukumbi wa hoteli ya Hilton, New York, wengine wakasimama kwenye korido, wakisikiliza ripoti moja baada ya nyingine hadi baada ya saa tisa alfajiri.

Kinu, mchi na tanuri

Kutengeneza kidonge hiki hakuhitaji kiwanda. Unapima unga wa oksaidi ya itriamu, kaboneti ya bariamu na oksaidi ya shaba. Unasaga kwa kinu na mchi mpaka mkono uchoke. Unaoka kwenye tanuri la nyuzi 900 hadi 950. Unatoa, unasaga tena, unaoka tena. Unga ukibaki na kijani, umekosea vipimo au hujasaga vya kutosha. Ukiwa mweusi kabisa, unaukandamiza uwe kidonge na kuuoka mara ya mwisho, kisha unaupoza taratibu katika mkondo wa oksijeni.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayoamua kila kitu. Kidonge kilichokunywa oksijeni ya kutosha, karibu atomu saba kwa kila atomu moja ya itriamu, ni supakondakta. Kidonge hichohicho, kikichomwa pasipo oksijeni mpaka zibaki atomu sita, kinakuwa kihami. Umeme haupiti. Na ndani yake kuna usumaku uliopangika vizuri ajabu.

> Tofauti ya atomu moja ya oksijeni inakigeuza kihami chenye usumaku kuwa supakondakta.

Drafti la vizibo

Ili kuelewa usumaku huo, nenda kijiweni wanakocheza drafti kwa vizibo vya soda. Mmoja anacheza na vizibo vilivyotazama juu, mwenzake na vilivyofudikizwa. Sasa jaza vizibo kwenye kila mraba, giza na mwanga, kwa zamu: kimoja kimetazama juu, jirani yake kimetazama chini, ubao mzima.

Hivyo ndivyo zilivyo tabaka za shaba na oksijeni ndani ya kigae. Kila atomu ya shaba ina elektroni moja isiyo na mwenza, na kila elektroni ni sumaku ndogo. Majirani hutazama pande tofauti, kwa hiyo sumaku zote zinafutana na kigae hakishiki hata pini. Mpangilio huo una nguvu: katika oksaidi ya lanthani na shaba unavumilia mpaka nyuzi 50 hivi juu ya sifuri.

Na kwa nini ni kihami? Kwa sababu ubao umejaa. Elektroni hazitaki kukaa mbili kwenye mraba mmoja, zinakimbiana mno. Pasipo na mraba mtupu, hakuna kinachosogea. Mwingereza Nevill Mott alishaeleza hali ya namna hii miaka mingi kabla.

Sasa toa vizibo vichache. Oksijeni ya ziada hufanya kazi hiyo, inanyonya elektroni na kuacha mashimo. Kizibo cha jirani kinaweza kuhamia shimoni, lakini kikifika kinajikuta kimetazama upande uleule wa majirani zake wapya. Amani imevurugika. Kila hatua ya umeme inakwaruza usumaku, na usumaku unaibana kila hatua ya umeme.

Ukiondoa elektroni 2 hivi katika kila 100, mpangilio wa ubao mzima unavunjika. Kwenye 5 hivi supakondakta inazaliwa. Kwenye 16 ina nguvu kuliko wakati wowote. Ukipita 27 hivi, imekwisha, na kilichobaki ni metali ya kawaida.

Hata hivyo mabaki ya usumaku hayaishi. Miale ya nyutroni bado inaona vikundi vya vizibo vikijipanga kwa muda mfupi na kutawanyika. Mwaka 1995 John Tranquada na wenzake, kwa vipimo walivyofanya Brookhaven, Marekani, walionyesha kwamba katika baadhi ya vigae hivi mashimo hujipanga mistari kama matuta ya shamba, usumaku ukikaa katikati ya tuta na tuta. Juu kidogo ya baridi inayohitajika, nako kuna vitimbi: sehemu ya elektroni zinakosekana kana kwamba jozi zimeshaanza kuundwa, ingawa ukinzani bado upo. Na katika joto la juu zaidi ukinzani unapanda kwa mstari ulionyooka kama rula, jambo ambalo metali za kawaida hazilifanyi kwa masafa marefu hivyo ya joto. Watu huiita metali ya ajabu, na jina hilo limebaki kwa kuwa hakuna lililo bora.

Vimbunga vidogo

Turudi kwenye kile kidonge kinachoning'inia. Nilisema supakondakta inautoa uga wa sumaku nje. Vigae hivi, uga ukizidi, hukubali kidogo: vinauruhusu upite kwa njia nyembamba, kila njia ikizungukwa na umeme unaozunguka kama kimbunga kidogo. Kila kimbunga kinabeba kiasi kilekile cha sumaku. Nusu haipatikani.

Vimbunga hivi vikinasa kwenye kasoro za kigae, kama vile mpaka wa punje au kibonge cha kijani kilichosalia, havisogei. Vinaishika sumaku mahali ilipo. Ndiyo maana kidonge kinainuka nayo.

Kwa mhandisi jambo hili ni la kufa na kupona. Ukipitisha umeme mwingi, vimbunga husukumwa. Vikianza kutembea, ukinzani unarudi. Kwa hiyo kigae bora kwa kazi ni kile chenye kasoro nyingi zilizowekwa kwa makusudi, ndogo mno, za kuvipigilia misumari vimbunga. Wengine hutia chembe za oksaidi ya bariamu na zirkoniamu kwa ajili hiyo tu.

Nani anazifunga jozi?

Hapa ndipo ugomvi ulipo. Kwamba elektroni hutembea jozi, wote wanakubali. Kilichozifunga ndicho kinachobishaniwa.

Kambi ya kwanza, ambamo Douglas Scalapino na David Pines walikuwa sauti kubwa, inasema ni usumaku wenyewe. Kila elektroni inapopita inavuruga vizibo, na vurugu hizo zinaivuta nyenzake, kama kile kitanda cha kamba, ila kamba safari hii ni sumaku. Kambi hii ilitabiri mapema kwamba jozi zitakuwa na umbo la pekee. Chukua karafuu kavu uitazame kwa juu: kichwa chenye ncha nne. Jozi zingekuwa na ncha nne hivyo, mbili zikiwa chanya na mbili hasi kwa kupishana.

Mwaka 1994 Chang Tsuei, John Kirtley na wenzao wa IBM walitengeneza pete ya kigae mahali ambapo fuwele tatu zinakutana kwa pembe maalumu. Kama utabiri ni wa kweli, alama zingegongana na pete ingelazimika kubeba nusu ya kile kiasi cha sumaku kisichogawanyika. Wakapima. Ilikuwa nusu kamili.

Nikisoma habari za jaribio lile huona ni mojawapo ya majaribio mazuri kuliko yote ya karne iliyopita, na nasikitika kwamba halifahamiki nje ya vyumba vya fizikia.

> Asili ilikuwa haijawahi kutoa nusu. Ndani ya pete ile ikatoa.

Philip Anderson wa Princeton, mshindi wa Nobel aliyefariki mwaka 2020, alikubaliana na nafasi ya usumaku lakini akakataa kwamba inahitajika gundi ya kuzifunga jozi. Kwake, vizibo vya ubao uliojaa vimeshafungana jozi tangu mwanzo kwa sababu ya kule kupingana. Ukifungua nafasi, jozi zinaanza kutembea zenyewe. Katika makala ya 2007 alizilinganisha nguvu mbili, kule kukimbiana kwa elektroni na kule kupingana kwa majirani, na mamothi na tembo waliomo jokofuni, akauliza kama kuna haja ya kumhangaikia panya.

Panya huyo ni mtikisiko wa atomu, na ana watetezi. Mkubwa wao alikuwa Alex Müller mwenyewe. Wazo lililompeleka kwenye oksaidi lilihusu jinsi elektroni inavyoipinda nyumba ya atomu inamokaa, na hakuliacha hadi alipofariki Januari 2023 akiwa na miaka 95. Mwaka 2001 Alessandra Lanzara na wenzake waliona kikunjo katika mwendo wa elektroni za vigae kadhaa, mahali panapolingana na nguvu ya mtikisiko wa atomu za oksijeni. Kambi ya usumaku ikasema kikunjo hicho hata usumaku unaweza kukileta. Mabishano yakaanza upya.

Mwaka 2022 Séamus Davis wa Oxford na wenzake walipima, karibu atomu kwa atomu, jinsi wingi wa jozi unavyobadilika pale oksijeni iliyo juu ya shaba inapokuwa mbali au karibu. Mabadiliko yalifuata yale ambayo nadharia ya usumaku wa majirani ilitabiri. Nikilazimishwa kuchagua, nasimama upande huo. Lakini kigae kimoja si vigae vyote, na ile metali ya ajabu bado imekaa pembeni bila maelezo ya kutosha.

Kuelea nusu

Julai 2023 dunia ilipata homa. Watafiti wa Korea Kusini walitangaza maada yenye risasi, shaba na fosfeti, waliyoiita LK-99, wakidai ni supakondakta hata bila kupozwa. Video ilionyesha kipande kimoja kikiinuka upande mmoja juu ya sumaku, upande wa pili ukigusa chini.

Katika wiki chache maabara za nchi mbalimbali ziliipika na kuipima. Kule kushuka ghafla kwa ukinzani kulitokana na uchafu wa salfaidi ya shaba, ambayo hubadili umbo lake kwenye nyuzi 100 na kidogo. Kule kuelea nusu kulikuwa usumaku wa kawaida. Mwaka huohuo jarida la Nature lilifuta makala ya kundi la Ranga Dias wa Rochester, Marekani, iliyodai mafanikio ya namna hiyo. Lilikuwa limeshafuta nyingine yao mwaka 2022.

Madai yaliyosimama yanatoka kwingine. Mikhail Eremets na wenzake wa Mainz, Ujerumani, walifikia nyuzi 70 chini ya sifuri mwaka 2015 kwa salfa na hidrojeni, na nyuzi 23 hivi chini ya sifuri miaka michache baadaye kwa lanthani na hidrojeni. Lakini ni kwa kubana punje ndogo kati ya almasi mbili kwa shinikizo la zaidi ya mara milioni moja ya hewa tunayovuta.

Kutoka Essen hadi Rukwa

Kigae hakipindiki, kinavunjika kama sahani. Kwa hiyo viwanda hukipaka kikiwa tabaka jembamba kuliko unywele juu ya utepe wa metali. Mjini Essen, Ujerumani, mwaka 2014 kebo ya vigae yenye urefu wa kilomita moja, ikipozwa kwa naitrojeni, ilianza kupitisha umeme chini ya mitaa kwa volti 10,000 tu, kazi ambayo shaba ingehitaji volti nyingi zaidi kuifanya. Septemba 2021, chuo cha MIT na kampuni ya Commonwealth Fusion Systems waliwasha sumaku ya utepe wa aina hii iliyofikia nguvu ya tesla 20, kwa ajili ya kinu cha myeyungano wa nyuklia. Waliipoza hadi nyuzi 253 chini ya sifuri, kwa maana vimbunga katika joto la naitrojeni ni vigumu kuvifunga kamba.

Kwetu jambo hili linaingia kwa mlango wa hospitali. Mashine za MRI hutumia sumaku za niobiamu na titaniamu, supakondakta za kale zinazodai heliamu. Nyingi hubeba zaidi ya lita elfu moja. Heliamu ikitoroka, mashine inasimama na mgonjwa anasubiri. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwepo kwa heliamu nyingi katika bonde la Rukwa, Tanzania, na uchimbaji wa majaribio umefanyika tangu hapo. Ni mali ya kutunza. Lakini naitrojeni ni asilimia 78 ya hewa ya kila kijiji, na mtu wa pikipiki na mtungi tayari anajua kuibeba.

Ndiyo maana naona ugomvi wa gundi unatuhusu. Anayejua ni nini hasa kinazifunga jozi anaweza kuchora kigae bora kabla ya kukioka. Asiyejua anaendelea kusaga na kubahatisha.

Na wanasaga. Mwaka 2023 watafiti wa China walionyesha kwamba oksaidi ya lanthani na nikeli, ikibanwa kwa nguvu, inakuwa supakondakta kwenye nyuzi 193 hivi chini ya sifuri, joto kidogo kuliko naitrojeni ya mtungi. Mwishoni mwa 2024 utando mwembamba wa maada hiyo ukafanya hivyo bila kubanwa, ingawa kwa baridi kali zaidi. Nikeli ni jirani wa shaba, nayo ina sumaku zake ndogondogo, na kambi zilezile zimeshajipanga upya kuizunguka. Kinu ni kilekile, mchi uleule, na unga mweusi unarudi tanurini.